Nne Ndefu, Mbili Fupi

Bonde la Tibirinzi, mpunga umefika magotini.
Maji yana rangi ya chai iliyopoa, ruba wamo,
na mie nimevaa viatu vya mtu wa ofisini.
Nimetumwa kuandika mimea isiyoandikwa:
daftari, rula, magazeti ya zamani ya kukaushia,
na penseli, maana wino huogopa umande.

Huu hapa, ukingoni mwa tuta.
Mzizi mweupe, mfupi, umeshika tope kivivu;
ukiuvuta unakuja, hauna kinyongo.
Shina la kijani, chini limevilia zambarau
kama goti la mtoto aliyeanguka jana.
Majani yamepasuliwa mpaka kwenye uti,
vijani viwili viwili, safu nyuma ya safu,
na mbele kimoja peke yake, duara, kipana:
imamu na maamuma wake.
Urefu, shibiri moja na vidole vitatu
(sentimita nitazitafuta nikifika mjini).

Ua ni dogo; tone moja la mvua hulifunika lote.
Petali nne, nyeupe, zimekaa njia panda.
Ni wa ukoo wa haradali, kabichi na figili,
ukoo ambao vitabu vimeupa jina la msalaba.
Bi Mboja binti Shaame, matope mpaka viwikoni,
akaacha mstari wake, akachungulia juu ya bega langu.
"Msalaba gani? Hilo tundu la kofia.
Nashona tangu sijaolewa, mie nisilijue?"
Nikafuta. Nikaandika: kama tundu la kofia,
uzi ukiwa bado haujakazwa.

Jina lake?
"Gugu."
Jina lake hasa.
"Hasa ni gugu." Akang'oa kumi,
akatupa nyuma bila kuangalia.

Nikalifungua ua kwa ncha ya sindano, lenzi jichoni,
nikahesabu stameni kwa sauti, kama nilivyofundishwa:
sita. Nne ndefu, mbili fupi.

Palizi ikasimama.
"Sema tena."
Nne ndefu, mbili fupi.
Akaenda mferejini, akanawa kidole kwa kidole
kama anayetaka kushika msahafu.
Nikampa lenzi. Akakaa nayo sana.
"Mama alizaa sita," akasema.
"Wawili hawakurefuka."

Fomu yangu haikuwa na safu ya hilo.

Mwaka ule bahari ilipanda, chumvi ikaunguza mpunga.
Wakachuma jani hili, wakalichemsha kwa nusu kifuu cha tui.
Liliwasha. Raya, kitinda mimba, alilia kwa ukali wake,
akafuta kamasi, akaomba tena.
Wakaliita kipilipili-maji.
Nani walioliita? nikauliza.
"Sisi. Nyumba yetu. Hakuna mwengine."

Ganda la mbegu: jembamba, limesimama wima,
mbegu zimejipanga mstari mmoja kama shanga.
Likishakauka, ukiligusa tu, linajikunja na kurusha.
Moja ilinipiga kopeni.
Bi Mboja alicheka mpaka akakaa tutani, majini nusu.
"Ndo maana haliishi! Miaka arubaini napalilia,
kumbe lenyewe lapanda nyuma yangu!"

Nimeilaza mimea ndani ya gazeti, chumbani kwangu Chake,
juu yake matofali mawili.
Usiku wa tatu nikasikia: tik.
Kimya kirefu. Tik.
Asubuhi mbegu zimetapakaa juu ya bei za karafuu,
nyingine zimefika mpaka kwenye mkeka wa kuswalia.
Sikuzifagia.

Nikajaza lebo.
Makazi: tope, kivulini mwa mpunga.
Wingi: inategemea palizi.
Ladha: kali.
Matumizi: mboga, mwaka wa njaa.
Jina la kienyeji: kipilipili-maji, la nyumba moja.
Stameni: sita.
Nne ndefu.
Mbili fupi, na zimo.